Mvinyo wa bei nafuu katika joto la Mombasa: mwongozo kamili wa kuchagua, kupoza na kunywa

Mvinyo mwingi wa bei ya chini unaouzwa Mombasa ulikuwa mzuri siku ulipotiwa kwenye chupa. Unaharibikia njiani na dukani: ndani ya kontena lililopigwa na jua, kwenye stoo isiyo na feni, juu ya rafu iliyo karibu na dirisha. Halafu unafikishwa nyumbani, unawekwa mezani kwenye joto la nyuzi 30, na anayeunywa anasema mvinyo wa bei rahisi haufai. Ndiyo maana hapa nitazungumza sana kuhusu joto na kidogo kuhusu majina makubwa. Chupa ya shilingi 1,200 iliyotunzwa na kupozwa inavyostahili itakuburudisha kuliko ya 4,000 iliyonywewa vuguvugu.

Ninamwandikia mtu mzima anayekunywa bilauri moja au mbili na chakula cha jioni, asiyetaka kutumia pesa nyingi. Kama hunywi kabisa, iwe ni kwa dini, kwa afya au kwa hiari yako, usianze kwa ajili ya makala hii.

Hatua ya 1: Jua unapenda mtamu, mkavu au wa katikati

Hapa Pwani tuna mwalimu wa karibu, nao ni mnazi, yaani tembo la mnazi. Mgema akiuteremsha asubuhi, mnazi ni mtamu na mwepesi. Kufikia jioni umekuwa mkali. Ukiachwa zaidi, unaelekea kuwa siki. Chachu imekuwa ikila sukari na kuigeuza kileo saa baada ya saa, kisha bakteria wakakigeuza kileo hicho kuwa asidi. Zabibu zinapita njia iyo hiyo, ila taratibu, na mtengenezaji ndiye anayeamua pa kuisimamisha. Akiiacha chachu imalize sukari, anapata mvinyo mkavu. Akiisimamisha mapema kwa baridi na kuuchuja, sukari inabaki na mvinyo unakuwa mtamu.

Kutokana na hayo, namba ya kileo kwenye lebo inakupa habari kabla hujafungua chupa. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kileo. Mvinyo wenye asilimia 8 hivi kwa kawaida bado una sukari yake. Wenye 12.5 hadi 14 mara nyingi ni mkavu. Kwenye chupa za Afrika Kusini, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, ukiona "Dry" ujue sukari haizidi gramu 5 kwa lita, na ukiona "Natural Sweet" ujue imepita gramu 20.

Sukari si jambo la pekee. Kuna uchachu, ule unaofanya mate yajae mdomoni kama umeonja ndimu. Kuna pia ukakasi, unaokausha ulimi na kushika fizi. Ukakasi unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwa kuwa mvinyo mwekundu huchacha pamoja na maganda, ndio ulio na ukakasi zaidi. Watu wengi wanaosema hawapendi mvinyo mkavu kwa kweli hawapendi ukakasi. Wape mweupe mkavu wenye baridi na wataumaliza.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Ikiwa umezoea mvinyo mtamu wa 4th Street au Four Cousins, usiruke moja kwa moja hadi Cabernet Sauvignon, mwekundu wenye ukakasi mwingi. Pitia kwenye mweupe wenye utamu kidogo, kisha mweupe mkavu kama Chenin Blanc, halafu mwekundu laini kama Merlot. Na ikiwa baada ya safari hiyo bado unapenda ule mtamu, kunywa mtamu. Anayekudharau kwa hilo hajui kazi ya kinywaji.

Hatua ya 2: Nunua chupa iliyotunzwa

Kwa bei za sasa, chupa ya kawaida ya mililita 750 ya mvinyo wa kila siku inacheza kati ya shilingi 900 na 1,500, ingawa bei hupanda na kushuka. Ndani ya bei hiyo kuna ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa kiasi, bila kujali ubora wa kilichomo, na kuna VAT ya asilimia 16, usafiri na faida ya muuzaji. Kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, pesa inayobaki kwa mvinyo wenyewe ni ndogo sana. Ndiyo sababu ukiongeza shilingi 200 au 300 kutoka ngazi ya chini unapata mabadiliko makubwa, maana ushuru huo wa kiasi hauongezeki na sehemu nzuri ya nyongeza inaingia kwenye zabibu. Ukishapita shilingi 2,000, ulimi wa kawaida hauoni tena tofauti inayolingana na pesa. Mimi huishia kwenye 1,500 na sijutii.

Chagua duka kabla ya kuchagua chupa. Supermaketi zenye kipoza-hewa za Nyali na Bamburi, zinazouza kwa wingi na kuagiza upya mara kwa mara, ni salama kuliko duka dogo ambalo chupa moja imekaa kwenye rafu hadi lebo ikafifia. Sisemi maduka madogo ya vileo hayafai. Mengine yanaendeshwa na watu makini sana. Ila angalia jua linapiga wapi saa tisa alasiri. Niliwahi kuona chupa za mvinyo wa waridi (rosé), zile za kioo cheupe kinachopitisha mwanga, zimepangwa dirishani kwa urembo barabara kuu ya Mtwapa. Mvinyo ndani yake ulishaanza kugeuka rangi ya kitunguu kilichokaangwa. Mteja mmoja alimuuliza kijana wa kaunta, "Kaka, hizi ziko hapa tangu lini?" Akajibiwa, "Mi nimezikuta." Hilo ni jibu la kukufanya umshukuru na kuondoka.

Ukishaishika chupa, ikague. Kizibo kikiwa cha gome, kipapase juu ya karatasi yake: kinatakiwa kiwe sawa na mdomo wa chupa. Kikiwa kimejitokeza, au kuna mchirizi wa mvinyo uliokaukia shingoni, joto limeshausukuma mvinyo kutoka ndani. Irudishe. Chupa ya kifuniko cha kusokota ni bora kwa hali yetu ya hewa. Haihitaji kizibuo, haikauki, na haina ule ugonjwa wa kizibo unaotoa harufu ya katoni lililolowa. Wapo wanaoamini kifuniko hicho ni alama ya mvinyo duni. Si kweli, na wazalishaji wa Afrika Kusini wanakitumia hata kwenye mivinyo yao mizuri.

Soma mwaka wa mavuno kama umeandikwa. Kule Afrika Kusini zabibu huvunwa kati ya Januari na Aprili, kwa hiyo mweupe wa mwaka fulani unaweza kutufikia kabla mwaka huo haujaisha. Mweupe na waridi wa bei nafuu unywe ndani ya miaka miwili tangu mavuno, mwekundu ndani ya mitatu. Chupa ya bei ya chini haikui kwa kukaa, inachoka. Ukikuta mweupe wa miaka sita umepunguzwa bei, uache hapo hapo.

Angalia pia stempu ya ushuru ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Programu yao ya simu iitwayo Soma Label inakuwezesha kuiskani stempu palepale dukani ukaona kama maelezo yake yanalingana na chupa uliyoshika. Chukua risiti. Chupa iliyoharibika inarudishwa ikiwa bado ina mvinyo ndani, si baada ya kubakiza funda mbili.

Majina ya kuanzia? Kwa mweupe, Chenin Blanc ya Afrika Kusini ndiyo inayokupa thamani kubwa kwa pesa yako, kwa sababu ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kule na wameijua kwa karne nyingi. Nederburg, Drostdy-Hof na Robertson Winery hupatikana kwa urahisi. Kwa mwekundu jaribu Pinotage, zabibu iliyozaliwa hukohuko mwaka 1925 Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut. Ina harufu ya moshi kidogo inayoendana na nyama yetu. Kutoka Chile, Frontera ni ya kutegemewa. Na ukikuta Leleshwa, ambayo zabibu zake hukuzwa upande wa Naivasha, jaribu walau mara moja ujue ardhi ya Kenya inatoa nini.

Maboksi yanastahili neno lake. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa nne, la lita 5 ni karibu chupa saba. Mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyochota, hewa haiingii, na ukiliweka kwenye friji mvinyo unadumu wiki nne hadi sita. Kwa anayekunywa bilauri moja kwa siku hakuna njia nafuu zaidi. Lakini mfuko ule haukutengenezwa kuweka mvinyo miaka, basi tafuta tarehe ya kujazwa na usichukue lililokaribia mwaka. Na kwa kuwa huoni kilichobaki, ni rahisi kujipimia kupita kiasi. Pima kila unapofungua bomba.

Hatua ya 3: Uifikishe nyumbani salama

Fanya mvinyo uwe kitu cha mwisho kununua. Gari lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi linakuwa tanuri, na saa mbili ndani ya buti zinatosha kuupika. Ukivuka feri ya Likoni mchana, ufunge chupa kwenye gazeti na uiweke katikati ya mboga.

Nyumbani, mahali pabaya kuliko pote ni juu ya friji, na ndipo wengi wanapoweka. Pana joto la mashine na mtetemo. Jikoni karibu na jiko hapafai pia. Tafuta sakafu ya kabati la chumba cha kulala kilicho upande usiopigwa na jua la magharibi. Chupa ya kizibo cha gome ilale, ya kifuniko isimame. Hata hapo usiweke zaidi ya mwezi mmoja au miwili, maana nyumba zetu nyingi hazishuki chini ya nyuzi 25 hata wakati wa kusi. Mimi hununua za wiki mbili tu. Ukiwa na nafasi, ziweke zote kwenye friji, nyekundu na nyeupe pamoja. Baridi haizidhuru, na stima ikipotea usiku kucha friji iliyofungwa bado ni bora kuliko kabati.

Hatua ya 4: Poza, hata mwekundu

Utasikia watu wakisema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Usemi huo ulitoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Kisauni mwezi wa Machi kina 31. Katika joto hilo kileo kinapanda puani, matunda yanapotea, na mvinyo unakuwa mzito mdomoni. Kama utafuata jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili: mwekundu uingie kwenye friji saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kula.

Vipimo vya kukusaidia: mwekundu nyuzi 15 hadi 18, mweupe na waridi 8 hadi 12, wa mapovu na mtamu 6 hadi 8. Huhitaji kipimajoto. Friji yenyewe iko kwenye 4 au 5, kwa hiyo mweupe uliolala humo utoe dakika 10 kabla ya kumimina, kwa sababu ukiwa baridi mno husikii harufu yoyote. Mwekundu uliolala humo utoe mapema zaidi. Baada ya hapo joto la Mombasa linaupandisha haraka kuliko unavyodhani, basi mimina kidogo kidogo na chupa irudi kwenye friji.

Wageni wamefika na chupa ni ya moto? Usiitupe kwenye friza ukasahau, maana mvinyo ukiganda unasukuma kizibo au kupasua kioo. Chukua ndoo au sufuria ndefu, tia barafu nusu na maji nusu, ongeza chumvi konzi moja, izamishe chupa hadi shingoni na uizungushe mara kwa mara. Maji ndiyo siri. Barafu tupu inagusa kioo sehemu chache tu, lakini maji yanaikumbatia chupa yote, na chumvi inayashusha chini ya sifuri. Mweupe utakuwa tayari ndani ya dakika 15 hadi 20, mwekundu ndani ya tano au sita.

Kitambaa chenye maji hakisaidii sana hapa. Kinapoza kwa kukauka, na hewa yetu yenye unyevu haiachi kitu kikauke upesi.

Barafu ndani ya bilauri naikubali kwa mvinyo mtamu au wa mapovu siku ya jua kali. Kwa mkavu, gandisha zabibu chache kwenye friza na utumie hizo, zinapoza bila kuongeza maji. Na kama mwekundu uliununua na hukuupenda, kata machungwa na embe ngowe, tia kwenye jagi na mvinyo huo, uache friji saa mbili, kisha ongeza maji ya soda wakati wa kunywa.

Hatua ya 5: Mimina na uonje

Bilauri yoyote safi inatosha, ila jaza theluthi tu ili harufu ipate nafasi. Inuse kabla ya kuitumia: iliyofungiwa kabatini hutoa harufu ya kabati. Isuuze kwa maji bila sabuni.

Nusa mvinyo. Harufu ya katoni lenye ukungu ni kizibo kibovu. Harufu ya zabibu kavu zilizopikwa, pamoja na rangi inayoelekea hudhurungi kwenye chupa changa, ni joto. Ya siki ni hewa iliyoingia. Hayo matatu hayaponi. Harufu ya kiberiti kilichowashwa mara nyingi huondoka ukiuzungusha kwenye bilauri dakika chache, kwa hiyo subiri kabla ya kulaumu.

Njia bora ya kujifunza ni kuchanga na marafiki wawili watatu, mnunue chupa tatu za zabibu moja kwa bei tofauti, mzifunge kwa gazeti na kuonja bila kujua ipi ni ipi. Kila mtu aandike anayoipenda. Piga picha ya lebo iliyoshinda, maana majina yanasahaulika kabla hujafika dukani.

Hatua ya 6: Ulinganishe na chakula chetu

Hapa ndipo mvinyo wa bei nafuu unapong'aa, kwa sababu chakula cha Pwani kina viungo vyake na hakihitaji mvinyo mgumu. Kanuni kubwa ni pilipili. Pilipili na ukakasi vinachocheana, na kileo kingi kinaongeza moto. Utamu kidogo na baridi vinautuliza. Biriani yenye pilipili, pweza wa rojo, kuku wa tikka: leta mweupe wa nusu utamu au waridi, wenye kileo cha chini. Hapo hata yule mtamu anayebezwa anafanya kazi nzuri ajabu.

Samaki wa kupaka ni chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa Chenin Blanc. Nazi ina mafuta yanayofunika ulimi, na uchachu wa Chenin unayapitia na kuusafisha kwa lile tonge linalofuata. Ukwaju ulio ndani ya rojo unaupokea uchachu huo badala ya kupigana nao. Chakula kichachu kinataka mvinyo wenye uchachu sawa au zaidi, la sivyo mvinyo unaonekana kama maji. Kwa sababu hiyo changu wa kukaanga mwenye ndimu nyingi anahitaji Sauvignon Blanc. Usimpe samaki mvinyo mwekundu mzito: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo huo yakikutana na mafuta ya samaki yanaacha ladha ya shaba mdomoni.

Mishkaki ya ng'ombe iliyotoka kwenye makaa inaitaka Pinotage au Shiraz iliyopozwa. Chumvi na mafuta ya nyama hulainisha ukakasi. Pilau, isiyo kali lakini yenye bizari na mdalasini, inakaa vizuri na Merlot. Viazi karai, bajia na kachiri vinapenda mvinyo wa mapovu. Kaimati na halua zitaufanya mvinyo wowote mkavu uonekane mchungu, kwa hiyo maliza mvinyo kwanza, halafu kahawa.

Hatua ya 7: Kiasi, barabara na majirani

Chupa ya mililita 750 ina bilauri tano za 150. Kipimo rahisi ni nusu ya chupa ndogo ya soda ya mililita 300. Pima hivyo mara moja, uone inafika wapi kwenye bilauri yako, na ukumbuke. Kunywa maji bilauri kwa bilauri, hasa wakati wa kaskazi ambapo mwili umeshatoa jasho mchana kutwa. Baki na siku kadhaa za wiki bila kileo. Mjamzito asinywe, na anayetumia dawa amuulize mfamasia kwanza. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari yoyote, kwa hiyo kidogo ni bora kuliko kingi. Chini ya miaka 18 huuziwi wala hupewi. Na ukinywa, usiendeshe: kikomo cha kisheria ni mikrogramu 35 za kileo kwa kila mililita 100 za pumzi, na usijaribu kukikisia kwa hisia.

Tunaishi na majirani ambao wengi hawanywi. Beba chupa kwenye mfuko usioonyesha, kunywa ndani au baraza la nyuma, na mwezi wa Ramadhani zidisha stara. Ukialika watu wa kila aina, andaa juisi ya ukwaju au ya pasheni kwa ubora uleule, kwenye jagi zuri, na usimwulize mtu kwa nini amechagua hiyo.

Hatua ya 8: Kilichobaki chupani

Hewa na joto ndivyo vinavyoua mvinyo uliofunguliwa. Funga mara tu unapomimina na urudishe kwenye friji, hata mwekundu. Mweupe utadumu siku tatu hadi tano, mwekundu karibu tatu, wa mapovu siku moja. Ukiona umebaki nusu, uhamishie kwenye chupa ndogo safi ya kioo uijaze hadi mdomoni, ufunge. Hewa ikikosa nafasi, unapata siku mbili za ziada.

Ule uliopoteza ladha ugandishe kwenye trei ya barafu na utumie vipande viwili vitatu kwenye rojo la nyama. Uliochacha kabisa uache kwenye mtungi wa kioo uliofunikwa kwa kitambaa chepesi, mahali penye kivuli, uongeze siki kidogo ambayo haijachemshwa. Kwa joto letu, baada ya wiki kadhaa utakuwa na siki nzuri ya kachumbari na achari ya embe. Andika kwenye mtungi kwamba imetokana na mvinyo, ili mgeni asiyetumia kileo ajiamulie mwenyewe.